Vinyoya wa Maji ya Kunde

18 Desemba 2001, Jumanne

Idi imekwisha, pilau limekwisha, nimerudi kazini. Daftari hili nimepewa na Mjomba Abdulswamadu kama zawadi ya sikukuu, akasema niandikie majina ya wateja. Majina ya wateja ninayo yote kichwani, kwa hiyo nitaandika ninayotaka mwenyewe.

Mimi ni Sabiha, miaka ishirini na mitatu, mpiga chapa hodari kuliko wote Barabara ya Saba. Sijisifu. Waulizwe watumishi wa Bunge wanaopita steshenari tatu za jirani wakija kwetu. Steshenari ni ya Mjomba. Babu yake alifika Dodoma na misafara akiuza shanga na kaniki. Yeye anauza fotokopi, bahasha na kazi ya vidole vyangu.

Kompyuta yetu ilitoka kwenye mradi mmoja wa maji uliofungwa mwaka jana, Wazungu wakaondoka na vitu vikapigwa mnada. Walisahau kufuta mchezo. Si wa risasi wala wa magari. Ni kiwanja cha nyasi chenye wanyama wadogo wenye manyoya, nami nawaita vinyoya maana jina lao la Kizungu linanikwaza ulimi. Wanatotolewa kwenye mayai, wanakula, wanaoana, wanataga, wanazeeka, wanakufa. Mchezo hauna jua wala mwezi, kila kitu kinafuata saa ya kompyuta. Siku ya kumi wanaanza kutaga, ya arobaini na tano wanaacha, ya sitini wanakwenda zao. Kompyuta ikizimwa hawali wala hawatagi, lakini umri haungoji. Ninawafuga tangu Septemba, kati ya mteja na mteja. Wote ni bluu.

20 Desemba

Mvua. Barua kumi na nne za kuomba kazi, zote za watu waliopunguzwa kazini mwaka huu. Nimewaandikia vizuri.

27 Desemba, Alhamisi

Leo yai moja limetotolewa nikiwa katikati ya wasia wa mtu. Nilipotazama nikadhani skrini ina vumbi, Dodoma hii vumbi halimwachi mtu hata wakati wa mvua. Nikafuta kwa upindo wa khanga. Halikutoka. Kinyoya mwenyewe ndiye aliyekuwa hivyo: si mweusi, si mwekundu, si kahawia ya mbao. Wazazi wake wote bluu tupu.

Nikamwita Mjomba, ambaye huuita mchezo wangu upuuzi mara mbili kwa siku. Akaja, akavaa miwani, akainama.

"Huyu maji ya kunde," akasema, akarudi kwenye fotokopi yake.

Ndiyo rangi yenyewe. Chemsha kunde, mwaga maji kwenye bakuli jeupe, utamwona. Ni jike. Nimempa jina Sikudhani.

29 Desemba, Jumamosi

Nimekwenda intaneti kwa Tumsifu, Barabara ya Tano. Wafugaji wa vinyoya wako wengi Ulaya na Marekani, na wana daftari lao la rangi. Zimo rangi arobaini na moja: bluu za kila namna, pinki, limau, zambarau, nyeupe. Kila rangi ina jina alilolitoa mfugaji wa kwanza, na jina lake mwenyewe pembeni. Kahawia ya aina yoyote haimo. Nimetafuta mara tatu. Katika rangi arobaini na moja hakuna hata moja inayofanana na mtu yeyote ninayemjua.

Masharti: uwe na jozi ya rangi moja, iliyozaa rangi hiyohiyo mara tatu bila kuchanganya, halafu utume faili lao. Na daftari linafungwa tarehe 31 Machi, kwa sababu kampuni inauacha mchezo huu. Baada ya hapo hakuna rangi itakayoongezwa tena.

Nimewaandikia kwamba rangi ya arobaini na mbili iko Dodoma. Sikuandika "huenda".

3 Januari 2002

Msimamizi wa daftari amejibu kwa adabu. Anasema nilichokiona kinaweza kuwa kasoro ya skrini, na kama si skrini basi ni rangi iliyochafuka, wao wanaiita matope. Anashauri nimfute niendelee na bluu.

Matope. Nimemlisha Sikudhani mara mbili leo.

9 Januari, Jumatano

Nilimwoza Sikudhani kwa dume la bluu. Watoto wanne wametoka leo. Wote bluu.

Nilikuwa nimenuna alipoingia Mwalimu Anastazia, anayefundisha baiolojia sekondari na huniletea mitihani yake niipige chapa. Mtu wa Bukoba, anacheka kwa sauti. Nikamwonyesha.

"Mdogo wangu, rangi haikupotea," akasema. "Imejificha ndani ya hao wanne. Mrudishie mama dume mmoja kati ya wanawe, utaona."

Mjomba akasikia. "Mrudishie mama nani? Mwanawe? Dukani kwangu?"

"Ni wanyama, Mjomba."

"Hata kama ni wanyama. Mtu akiingia hapa akauliza, nitamjibu nini?"

"Mjibu kama unavyojibu kuhusu yule jogoo wako aina ya kuchi. Vifaranga wa mwaka jana mama yao alikuwa nani?"

Mjomba akaangalia barabarani. Kuku aliyewaangua ndiye mama wa jogoo mwenyewe, mtaa mzima unajua. Mwalimu Anastazia alicheka mpaka akasahau mtihani wake mezani.

15 Januari

Mvua, umeme hakuna, nimefagia duka.

22 Januari, Jumanne

Wanne wametoka: bluu wawili, maji ya kunde wawili. Na hao wawili ni jike na dume, kama niliyeagiza. Jike nimemwita Mwajabu, dume Fahadi. Mwalimu Anastazia amekuja kuwatazama akanipa mkono kama tunavyopeana mikono kwenye mahafali.

5 Februari, Jumanne

Mwajabu na Fahadi wamezaa. Watatu, wote maji ya kunde. Mara ya kwanza hiyo.

Bunge linakutana. Vidole vinauma na nina furaha.

14 Februari, Alhamisi

Mara ya pili. Wanne, maji ya kunde watupu. Imebaki moja, na Mwajabu bado kijana. Nikihesabu vizuri nitamaliza kabla ya mwisho wa Februari, mwezi mzima kabla ya daftari kufungwa. Nimempelekea msimamizi taarifa fupi. Nimetumia neno "matope" ndani ya alama za kunukuu.

18 Februari, Jumatatu

Asubuhi ya ugomvi. Mzee Rajabu wa Kondoa, mfanyabiashara wa mahindi, alirudisha barua niliyompigia juzi ya kiwanja chake. Chini ya karatasi kompyuta huchapa tarehe na saa. Ilikuwa imechapa 10:20.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Soma hapa. Saa kumi na dakika ishirini. Karani wa ardhi ameniuliza barua gani hii ya kuandikwa alfajiri. Saa kumi mimi nilikuwa nimelala Kondoa. Basi limenishusha hapa saa tatu, kwako nimefika saa nne."

Nikamweleza kwamba kompyuta inasoma saa za Kizungu, kumi yao ndiyo nne yetu. Akaniambia karani hakuandikiwa na Mzungu. Mjomba akaingilia, akamwomba radhi, akamwahidi kwamba jambo hilo halitatokea tena. Nimempigia barua upya bure. Mimi nimeona wameyakuza mno.

20 Februari

Vinyoya wamelala. Saa tatu asubuhi, saa nne, wote wamejikunja. Labda ni baridi, maana mvua haijakatika tangu juzi. Nasema baridi kana kwamba wananyeshewa.

21 Februari

Wamelala tena asubuhi nzima. Adhuhuri walianza kujinyoosha, umeme ukakatika. Wiki hii mtaani kwetu kila mvua ya mchana inaondoka na umeme, ukirudi tumeshafunga.

25 Februari, Jumatatu

Idi ya kuchinja tulifunga duka siku tatu. Leo nimefungua nikakuta mtoto mmoja wa Mwajabu amekufa. Chakula kimejaa hawajakigusa. Mwajabu mwenyewe amekonda, manyoya yamelala. Mayai hakuna, na vinyoya hutaga wakishaamka tu, saa mbili za mwanzo wa siku.

26 Februari

Mwalimu Anastazia ametazama kwa muda mrefu, leo hakucheka.

"Umewaoza ndugu kwa ndugu," akasema. "Rangi iliyojificha mara nyingine hubeba ugonjwa. Si kosa lako, ndivyo damu ilivyo."

"Ni mchezo, Mwalimu."

"Aliyeutengeneza mchezo anajua baiolojia."

Sikumpenda leo.

27 Februari

Nimekwenda kwa Tumsifu kuuliza, nikitumaini msimamizi atajua dawa. Amejibu papo hapo: kulala mchana, kutokula, kutotaga, ni dalili ya kasoro ya kuzaliwa. Rangi yenyewe ndiyo ugonjwa. Anasikitika, lakini daftari halipokei magonjwa.

Nimetembea kurudi dukani na mvua bila kufungua mwavuli. Inaniuma kuliko nilivyotegemea. Rangi ya watu wangu wote, ya mama yangu, ya nusu ya Barabara ya Saba, na mtu ambaye hajawahi kunitia machoni ameiita kwanza uchafu na sasa maradhi, na wanyama wenyewe wanakufa mbele yangu.

28 Februari

Wa pili amekufa. Siandiki zaidi.

4 Machi, Jumatatu

Nitaandika kwa utaratibu ili nisiruke kitu.

Leo saa tatu na nusu nilifungua kiwanja cha zamani, kile chenye bluu tupu, ambacho sikukigusa tangu nilipowahamishia wa maji ya kunde kiwanja chao, Januari. Nilitaka kuwaona wazima, nijiumize vizuri. Nao wamelala. Bluu wa Ulaya, wenye jina daftarini, wamejikunja kama wangu, na chakula kimejaa.

Basi si rangi. Nilisimama pale nikisema "si rangi, si rangi" mpaka mteja akauliza kama naongea naye. Nikampigia barua yake, nikachapa, nikamkabidhi. Akasema asante, akasoma mpaka chini, akaongeza, "Na saa mmeweka vizuri."

Nikamnyang'anya karatasi. Chini imeandikwa 3:40. Ukutani ilikuwa saa tatu na dakika arobaini. Sawasawa kabisa, na ndiyo maana sikuiona. Karatasi hizo nimezichapa wiki mbili, mamia, na kila mara jicho langu lilisoma saa likaona ni kweli likapita. Kwa kompyuta 3:40 ni usiku wa manane. Vinyoya walikuwa wanalala kwa sababu waliambiwa ni usiku. Waliambiwa kumekucha ikifika adhuhuri yetu, wakaamka, umeme ukakatika.

"Mjomba," nikaita. "Nani amegusa saa ya kompyuta?"

"Mimi," akasema bila hofu. "Siku ile ya Mzee Rajabu, ulipokwenda kunywa chai. Ilikuwa inasema uongo, nikainyoosha."

Nikamweleza. Sikupandisha sauti, lakini sikumwita Mjomba mpaka nilipomaliza. Alivua miwani, akaifuta, akavaa, akavua tena. Akauliza, "Wamekufa wangapi?"

"Wawili."

"Inna lillahi," akasema. Sijui kama inafaa kwa vinyoya, lakini alisema kwa moyo.

Saa nimeisogeza mbele saa sita. Wote wakaamka mara moja, wakaenda kula.

Mwajabu leo ana siku arobaini na moja. Zimebaki siku nne.

5 Machi

Anakula. Hajataga.

6 Machi

Anakula, manyoya yamesimama. Hajataga. Mjomba amekuja kuangalia mara sita, eti anatafuta pini.

7 Machi, Alhamisi

Mjomba alikuwa dukani kabla yangu, kompyuta imewashwa saa kumi na mbili. Nilipoingia akaninyooshea kidole kwenye skrini. Mayai matatu.

9 Machi, Jumamosi

Wametoka. Watatu, maji ya kunde. Mara ya tatu. Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu, na yule mtumishi wa Bunge aliyengoja fotokopi aliachwa angoje.

Mwalimu Anastazia alipita jioni, nikamwambia habari ya saa. Akasema, "Mimi nilikubali haraka. Nimesoma baiolojia miaka mitano nikashindwa kuuliza saa." Nimemsamehe kabla hajamaliza sentensi, ila sikumwambia.

11 Machi

Faili limekwenda. Jina la rangi: Maji ya Kunde. Mfugaji: Sabiha, Dodoma, Tanzania.

14 Machi, Alhamisi

Wamekataa.

Faili la kinyoya hubeba kumbukumbu ya kila kitu, hata saa. Msimamizi ameona kwamba tarehe 18 Februari saa ilirudishwa nyuma saa sita, na tarehe 4 Machi ikapelekwa mbele saa sita. Anasema wako wafugaji wanaochezea saa ili jike asizeeke, na kanuni ya kwanza ya daftari ni kwamba mchezea saa hapokelewi. Hakunitukana, lakini maana ni moja, kwamba mimi ni tapeli.

Nimepiga hesabu ya kuanza upya na watoto wa Mwajabu. Mara tatu za kuzaa zinataka karibu siku ishirini na saba. Ziko kumi na saba. Haiwezekani, hata nikilala dukani.

16 Machi, Jumamosi

Nilimsomea Mjomba ile barua pepe nikiitafsiri. Nilidhani atasema tuachane na upuuzi. Akasema, "Chukua karatasi. Andika."

"Mjomba, hawa hawasomi Kiswahili."

"Wewe utawatafsiria chini yake. Mimi natoa maelezo kwa lugha niliyoikosea mashine."

Akasimama katikati ya duka, mikono nyuma, akaniamuru. Nainakili hapa nzima:

"YAH: KUNYOOSHA SAA. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi mwenye duka ndiye niliyegusa saa, mpwa wangu hakujua. Kwetu sisi jua likishachomoza, saa ya kwanza inayotimia ni saa moja. Ninyi mnaiita saba. Mashine yenu ilimfanya mteja wangu aonekane ameandika barua ya kiwanja saa kumi alfajiri. Sikuirudisha nyuma. Niliinyoosha. Mtu anayetaka jike asizeeke hamlazi njaa wiki mbili, na ninyi mnaojua kusoma mafaili tazameni chakula kilichobaki. Huyu binti wanyama wake aliwazalisha kwa haki, mara tatu, na ya mwisho nilikuwepo. Kosa likiwepo ni langu, liandikwe kwa jina langu. Wenu katika ujenzi wa taifa, Abdulswamadu."

Sikumuuliza taifa gani. Nilikuwa nimeinamisha kichwa kwenye kibao cha herufi nikilia, na machozi yangu si ya karibu, waulizwe nyumbani. Miezi mitatu nimemwandika humu kama mtu anayekuja kunikatiza. Na ile hoja ya chakula mimi sikuwa nimeifikiria.

Akachapisha nakala, akaigonga muhuri mara mbili, akauliza muhuri utafikaje. Nikamwambia haupiti kwenye waya. Akahuzunika, kwa sababu kwake barua isiyo na muhuri ni karatasi. Basi nimeandika chini ya tafsiri: nakala yenye muhuri ipo ofisini, yeyote anaweza kuja kuitazama.

20 Machi

Kimya.

23 Machi

Kimya. Mvua zimepungua. Watu wa Hombolo wanasema zabibu zao zimeharibika kwa maji, nimewapigia barua ya malalamiko.

27 Machi

Mwajabu ana siku sitini na nne, amepitiliza. Amekufa mchana, kiwanja kikiwa kimejaa wanawe na wajukuu. Nilimtazama mpaka mwisho. Nimewaandikia tena, mistari miwili: hatuombi huruma, tunaomba msome chakula.

30 Machi, Jumamosi

Imekuja. Tumsifu alinipigia simu ya dukani akasema una barua, nikakimbia Barabara ya Saba mpaka ya Tano na kandambili mguu mmoja.

Msimamizi ameandika kwamba walifungua faili siku kwa siku. Chakula kilibaki kama Mjomba alivyosema, na umri wa Mwajabu haukupungua hata saa moja kwa faida yake. Anasema katika miaka minne ya daftari hakuna aliyewahi kueleza saa kwa namna hiyo, na kwamba yeye ndiye aliyekosea mara mbili, kwenye skrini na kwenye ugonjwa. Halafu nakala ya ukurasa. Rangi ya 42: Maji ya Kunde. Mfugaji: Sabiha, Dodoma, Tanzania. Shahidi: Abdulswamadu.

Nimesoma kwa sauti dukani. Mjomba akataka nirudie mstari wa mwisho.

2 Aprili, Jumanne

Daftari lao limefungwa juzi. Rangi ni arobaini na mbili, na ndivyo zitakavyobaki.

Mjomba ameamuru ukurasa ule uchapishwe na kubandikwa ukutani, chini ya leseni ya biashara, picha ya Mwajabu ikiwa katikati. Printa yetu ina wino mweusi tu. Mwajabu ametoka kijivu. Nilitaka kuutoa, nikasema tuuache mpaka tupate printa ya rangi kwa mtu. Mjomba akakataa, akabandika kwa gundi, kona zote nne.

Mteja wa kwanza leo alikuwa dada mmoja mgeni, mtumishi aliyehamishiwa hapa kutoka Mtwara. Alisoma ukutani wakati nampigia barua yake ya kuripoti kazini.

"Rangi ya arobaini na mbili," akasema. "Mbona kijivu? Rangi yenyewe ikoje?"

Nilifungua mdomo kumweleza habari ya kunde na bakuli jeupe. Mjomba alinitangulia. Alifungua kifungo cha shati, akakunja mkono wa shati mpaka juu ya kiwiko, akaulaza mkono wake juu ya meza, mbele ya yule dada, pale mwanga wa mlango unapofika.

"Hii hapa," akasema.

Yule dada akautazama mkono, akautazama ukuta, akasema sasa ameelewa.